Michoro ya Amonaiti: Ipi ya Mnyama, Ipi ya Tope, Ipi ya Fundi

Katika maduka ya vito na zawadi, toka Antananarivo hadi maonyesho makubwa ya mawe ya Tucson, Marekani, kuna jiwe moja lisilokosekana: amonaiti aliyesuguliwa akang'aa. Umbo lake ni la pembe ya kondoo dume iliyojiviringa. Juu yake kuna mistari inayojipinda na kuchipua vijani, mmoja baada ya mwingine, kwa mpangilio ambao mchoraji stadi angejivunia. Mengi ya mawe hayo hutoka Madagaska, ng'ambo ya pili ya mlango wa bahari wa Msumbiji, hasa katika bonde la Mahajanga, mji ambao mabaharia wa pwani yetu wanaujua tangu enzi za majahazi. Swali la kwanza la mnunuzi huwa lilelile: majani haya yamechongwa na nani?

Hakuna aliyeyachonga, na maelezo mengi ya dukani huishia hapo. Ni mapema mno kuishia hapo, kwa sababu michoro ya jiwe hili haina asili moja. Mingine ilijengwa na mnyama mwenyewe akiwa hai. Mingine ililetwa na tope na maji ya ardhini baada ya kufa kwake. Na mingine inaonekana, au haionekani, kwa sababu fundi alisugua kwa kina fulani au alikata upande fulani. Asiyetenganisha kazi za hao watatu atampa mnyama sifa za maji, na atampa fundi sifa za mnyama.

Tuanze na mnyama. Kwa sura ya gamba mtu hudhani ni konokono, kumbe ni jamaa wa pweza, ngisi na dome. Kundi lake lilitokea baharini katika kipindi cha Devoni, kama miaka milioni 400 iliyopita, likatoweka miaka milioni 66 iliyopita katika maangamizi yaleyale yaliyowamaliza dinosaria. Amonaiti aliishi katika chumba cha mwisho tu cha gamba lake, kile chenye mlango. Kadiri alivyokua alisogea mbele, na nyuma yake akajenga ukuta. Akasogea tena, akajenga mwingine. Vyumba alivyoviacha vilibaki vimefungwa, isipokuwa mrija mwembamba uliotoboa kila ukuta na kupita kandokando ya ukingo wa nje wa gamba. Kwa mrija huo alinyonya maji yaliyokuwamo vyumbani, gesi ikachukua nafasi yake, naye akaweza kuelea bila kupoteza nguvu nyingi.

Utaratibu huu tunaujua kwa sababu jamaa yao wa mbali, nautilasi, bado yu hai mashariki mwa Bahari ya Hindi na magharibi mwa Pasifiki, na magamba yake matupu huchukuliwa na mikondo hadi fukwe za Afrika Mashariki. Lakini mrija wa nautilasi hupita karibu na katikati ya ukuta, na ukuta wenyewe umebonyea tu, bila mapambo. Kuta za amonaiti zilikuwa laini katikati, lakini zilipokaribia gamba zilianza kujikunja, mkunjo ndani ya mkunjo, hadi zikaungana na gamba kwa mstari uliojaa vipembe na vighuba. Mstari huo wa maungio, ambao hapa nitauita mshono, ndio unaoonekana kama majani.

Mshono hauonekani kwa nje. Hili ndilo jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Amonaiti aliyekuwa akiogelea alikuwa na gamba lenye mbavu, pengine vinundu au miiba, na mistari myembamba ya kukua sambamba na mdomo wake. Hakuna kiumbe aliyewahi kuona majani yale juu ya amonaiti hai. Yanajitokeza pale ambapo gamba la nje limetoka, ama kwa kumomonyoka lenyewe ama kwa kusagwa, likaacha wazi ujazo wa ndani uliogeuka jiwe. Kwa hiyo jiwe la Cleoniceras, aina moja ya amonaiti, kutoka Mahajanga, lenye umri wa takriban miaka milioni 110, likikuonyesha majani safi upande mzima, ujue fundi amekwisha ondoa kitu. Amefungua dirisha moja kwa kuvunja jingine: mbavu na mistari ya kukua iliyokuwa juu haiwezi kurudi.

Mara ukijua hilo, jiwe linaanza kusomeka. Fuata mishono kutoka katikati kuelekea nje. Itafika mahali inakoma, na mbele yake jiwe ni tupu. Hapo ndipo vyumba vilipoishia na makazi ya mnyama yalipoanza. Kama mishono imefika hadi mwisho kabisa wa jiwe, basi makazi yalivunjika na kupotea, na mnyama alikuwa mkubwa kuliko jiwe ulilolishika. Tazama pia nafasi kati ya mshono na mshono. Kwa kawaida hupanuka kadiri gamba linavyokua, lakini kwa wengi mishono michache ya mwisho husogeleana sana. Hiyo ni dalili ya utu uzima: ukuaji ulikuwa umepungua na kuta za mwisho zilijengwa karibu karibu. Katika spishi nyingi kulikuwa na wanyama waliokomaa wa ukubwa wa aina mbili, wakubwa na wadogo, ambao wataalamu wengi leo huwachukua kuwa jike na dume. Bila ile mishono iliyobanana, mdogo aliyekomaa angehesabiwa mtoto.

Mshono wa kweli una nidhamu. Kila mmoja hurudia umbo la uliotangulia kwa ukubwa ulioongezeka, na upande wa kushoto wa gamba huakisi ule wa kulia. Kipimo hiki kinafaa kwa sababu kuna mchoro mwingine wa majani unaodanganya watu: oksidi za manganizi zinazopenya katika nyufa za jiwe na kuota matawi meusi kama mmea. Hayo hayana kurudia wala kuakisi. Yanaanzia kwenye ufa na kutawanyika yanakotaka, na mnyama hakuhusika nayo hata kidogo.

Umbo la mshono hueleza pia umri. Katika mawe meusi ya Erfoud, Moroko, ambako mafundi huchonga meza na mabeseni kutoka mwamba wa chokaa wa Devoni, mishono ni ya kupinda tu, au zigizaga isiyo na vijani. Kufikia kipindi cha Triasiki, wengi walikuwa na vighuba vinavyoelekea nyuma vyenye meno madogo, huku vilima vinavyoelekea mbele vikibaki laini. Katika Jurasiki na Kretasi kila kilima na kila ghuba vilichipua, na vichipukizi vikachipua tena. Mtu mwenye jicho lililozoea anaweza kuokota jiwe lisilo na maelezo yoyote akakisia zama zake kwa mshono peke yake. Asiwe na hakika kupita kiasi, maana baadhi ya amonaiti wa Kretasi walirudia mishono rahisi, na anayeamini kwamba mageuzi ya viumbe husonga toka sahili kwenda tata tu atapotezwa nao.

Kwa nini basi mikunjo yote hiyo? Swali hili lina karibu karne mbili. Mwaka 1836 William Buckland, mwanajiolojia wa Oxford, alieleza kwamba ukuta uliokunjwa uliliimarisha gamba dhidi ya mgandamizo wa maji ya kina kirefu. Hoja yake inaeleweka haraka kwa yeyote aliyewahi kujaribu kukunja bati la migongo na bati bapa: la migongo hukataa. Ni maelezo mazuri, na bado yanachapishwa kwenye kadi za makumbusho na vibandiko vya madukani. Lakini mwaka 1997 Thomas Daniel na wenzake walipokokotoa kwa kompyuta jinsi mgandamizo unavyogawanyika katika kuta za namna mbalimbali, walipata kinyume chake: kadiri mikunjo ilivyozidi, ndivyo hatari ya kuvunjika ilivyoongezeka. Wengine waliwapinga, na hesabu za baadaye zimevuta huku na huku, ila uhakika wa zamani umekwisha.

Maelezo mengine yanahusu maji yaliyobaki vyumbani. Maji hushika katika pembe na mikunjo kwa nguvu ya utando wa uso wake. Ukuta wenye mikunjo mingi ungeweza kuyazuia yasiyumbe ovyo na kuyafikisha kwenye mrija. Mwaka 2021 David Peterman na wenzake, baadhi yao wa Chuo Kikuu cha Utah, walijaribu jambo hilo kwa vielelezo vya maumbo ya kuta vilivyotengenezwa kwa mashine, wakaona kwamba mikunjo tata hushika maji mengi kuliko mikunjo sahili. Wapo pia wanaosema kwamba mikunjo ilikuwa mahali pa kushikilia misuli na ngozi ya nyuma ya mnyama.

Mimi naona maelezo ya Buckland yanapaswa sasa kusimuliwa kama historia ya fikra, yasiandikwe kwenye vibandiko kama jambo lililothibitishwa. Hoja ya maji ina ushahidi wa moja kwa moja zaidi. Hata hivyo, sioni kwa nini tudai sababu moja kwa kundi lililoishi zaidi ya miaka milioni 300, lenye spishi maelfu, katika bahari za kina na za ufukweni. Na kuna swali la pili lililo jirani, ambalo mara nyingi humezwa na la kwanza: si kwa nini, bali kwa vipi. Mwanapaleontolojia wa Kijerumani Adolf Seilacher alipendekeza kwamba ukuta ulianza kama utando laini uliovutwa na kufungwa kwenye ncha kadhaa za gamba, ukafura kati ya ncha hizo, kisha ukagandishwa na madini. Ndiyo maana, kwa maelezo yake, vilima vya mshono ni vya mviringo na ncha za nyuma ni kali. Wajapani Inoue na Kondo, mwaka 2016, walielekeza macho kwenye ngozi ya nyuma ya mnyama yenyewe, kwamba huenda ndiyo iliyokuwa na umbo la matawi na ukuta ukafuata kalibu hiyo. Mwili huo laini haukubaki, na hapo ndipo ugumu wa swali ulipo.

Sasa chukua jiwe la aina ya pili, lile lililopasuliwa katikati na kuuzwa kama jozi ya nusu mbili zinazolingana. Majani hayaonekani kabisa. Kuna vyumba vilivyopangwa kwa mzunguko na kuta zilizopinda kwa utulivu, kila moja kama upinde mwembamba. Wanunuzi wengi huamini kwamba huyu ni mnyama tofauti na yule wa majani. Anaweza kuwa spishi ileile. Msumeno wa almasi umepita katikati ya gamba, mahali ambapo ukuta ulikuwa laini, ukaiacha mikunjo pembeni. Tofauti yote ni ya fundi.

Lakini katika jozi hizi ndiko kazi ya tope na maji inakoonekana vizuri zaidi. Chumba cha mwisho kilikuwa na mlango wazi, kwa hiyo kimejaa tope la bahari lililokauka kuwa jiwe la kijivu au kahawia. Vyumba vya ndani vilifungwa, tope halikuingia. Kilichoingia ni maji yaliyopenya polepole kupitia jiwe yakiwa na madini ndani yake. Madini yakaganda ukutani, safu juu ya safu, mara nyingi kalisaiti: nyeupe ikiwa safi, rangi ya asali au ya chai kama kulikuwa na chuma. Pale ambapo maji yaliacha kutiririka kabla chumba hakijajaa, katikati pana uwazi wenye fuwele zinazometa. Ukiona chumba kimoja cha ndani kimejaa tope huku vya jirani vina kalisaiti, ukuta au gamba lilitobolewa hapo kabla ya maziko kukamilika.

Wakati mwingine chumba huwa na tope chini na kalisaiti juu, na mpaka kati yao ni mstari ulionyooka kabisa. Wanajiolojia hulithamini sana jambo hili dogo. Tope lilitulia sakafuni kwa uzito wake, na kalisaiti ikajaza nafasi ya juu baadaye, hivyo mstari huo ulikuwa sambamba na upeo wa bahari siku ya maziko. Geuza jiwe mpaka mstari ulale sawa, nawe utakuwa umelishika kama lilivyolala chini ya bahari zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita.

Kuhusu mzunguko wenyewe, kuna dai linalopaswa kuachwa: kwamba gamba la amonaiti hufuata uwiano ule maarufu wa dhahabu, 1.618. D'Arcy Thompson, katika kitabu chake cha 1917 kuhusu ukuaji na maumbo, alionyesha kwamba magamba ya aina hii hufuata mzunguko wa kilogarithimu, yaani hukua bila kubadili umbo. Hilo ni kweli kwa kiasi kikubwa. Lakini mizunguko ya kilogarithimu haina idadi, na ule wa dhahabu ni mmoja tu kati yake; huo hupanuka karibu mara saba kwa kila duara kamili. David Raup, aliyechora magamba kwa kompyuta katika miaka ya 1960, alionyesha kwamba amonaiti walio wengi hupanuka kwa kiasi kidogo zaidi, mara mbili au hapo jirani. Umbo lao halihitaji nambari ya ajabu ili listaajabishe.

Rangi za upinde wa mvua ni sura nyingine. Gamba la amonaiti lilikuwa na tabaka la vibao vyembamba vya aragonaiti, aina ileile ya tabaka inayofanya ndani ya chaza kumetameta. Mwanga unaporudi kutoka kwenye vibao hivyo, mawimbi yake hukutana na kuimarisha rangi moja na kuua nyingine, kama inavyotokea kwenye utando wa mafuta juu ya maji bandarini. Rangi ipi itokee hutegemea unene wa vibao na pembe unayotazamia. Hivyo wekundu na kijani vya jiwe hili havisemi lolote kuhusu rangi ya mnyama alipokuwa hai.

Tatizo ni kwamba aragonaiti haidumu. Kwa joto na muda hugeuka kalisaiti, na mng'ao hufa. Ndiyo maana rangi kali hupatikana mahali pachache ambapo tope zito lililifunga gamba mapema. Mahali mashuhuri kuliko pote ni kusini mwa Alberta, Kanada, katika miamba ya Bearpaw yenye umri wa miaka milioni 70 na ushee. Magamba ya Placenticeras, aina nyingine ya amonaiti, kutoka huko hukatwa kuwa kito kiitwacho amolaiti, kilichotambuliwa rasmi kimataifa mwaka 1981 na kufanywa kito cha jimbo la Alberta mwaka 2004. Kabla ya yote hayo, watu wa taifa la Blackfoot walikuwa wakiyatunza mawe ya aina hiyo, waliyoyaita iniskim, kwa ajili ya kuwaita nyati wakati wa uwindaji. Magamba ya Madagaska yana mng'ao huohuo kwa upole zaidi.

Magamba ya Placenticeras yamezua mzozo wa mchoro mwingine tena: safu za matundu ya mviringo. Mwaka 1960 Kauffman na Kesling walieleza gamba moja kutoka South Dakota kama lililoumwa mara nyingi na mosasauri, mjusi mkubwa wa baharini. Picha ya windo hilo ilisambaa mno. Mwaka 1998 Tomoki Kase na wenzake walidai kwamba matundu mengi ya namna hiyo yalianza kama mashimo yaliyokwanguliwa na konokono wadogo wenye gamba la umbo la pia, wale wanaong'ang'ania mwambani, kisha gamba likabonyea hapo chini ya uzito wa mashapo. Wengine walijibu kwamba matundu yaliyopangwa kwa umbo la taya hayawezi kuwa ya konokono. Nadhani pande zote mbili zina magamba yao. Kila jiwe lihukumiwe peke yake, na tundu moja lisilo na mwenzake lisiitwe jino.

Fundi naye hukoleza kuliko anavyokiri. Nyufa hujazwa gundi iliyochanganywa na unga wa mawe, vipande vya magamba tofauti huunganishwa, na amolaiti nyingi za vidani huwa ni utando mwembamba uliofunikwa kwa kipande cha jiwe gumu lenye uwazi. Hayo si mapya. Kule Whitby, Uingereza, ambako hadithi ilidai kwamba Mtakatifu Hilda aligeuza nyoka kuwa mawe, mafundi walichonga vichwa vya nyoka kwenye amonaiti ili wateja wapate walichokuja kukitafuta. Kioo cha kukuza hutosha kugundua mengi: gundi huwa na viputo vidogo, na mshono wa kughushi haurudii nidhamu ya jirani yake. Usijaribu jiwe kwa limau au siki. Kalisaiti itatoa povu, utajua ni kalisaiti, na sehemu uliyoimwagia itabaki na baka daima.

Yote haya yanatuhusu kwa karibu kuliko duka la Tucson. Mombasa imekaa jirani na miamba laini ya tope ya kipindi cha Jurasiki, ile ya Changamwe na Rabai, na amonaiti waliotoka huko walielezwa Berlin na Ernst Beyrich tangu mwaka 1877. Huko Tendaguru, mkoani Lindi, msafara wa Wajerumani wa 1909 hadi 1913 ulichukua mifupa ya dinosaria kwa tani nyingi, lakini katikati ya tabaka zenye mifupa zilikuwamo tabaka za bahari zenye amonaiti, na wao ndio waliosaidia kuonyesha kwamba mifupa ile ni ya mwisho wa Jurasiki. Dinosaria alipata jina. Amonaiti alitoa tarehe.

Tarehe hiyo hupatikana tu kama inajulikana jiwe lilitoka tabaka gani na mahali gani. Kwa hiyo ukiokota amonaiti kwenye mkato wa barabara, kwenye mto au kwenye shimo la msingi wa nyumba, usikimbilie msasa. Piga picha likiwa palepale, andika jina la mahali na kina lilipokuwa, lifunge kwenye karatasi, kisha wasiliana na makumbusho ya taifa: kwa Kenya yapo Nairobi na pia yanasimamia Fort Jesus, Mombasa, kwa Tanzania yapo Dar es Salaam. Na ukinunua lililokwisha ng'arishwa, mwombe muuzaji akuandikie lilikochimbwa, na karatasi hiyo uihifadhi pamoja na jiwe.